Mama Fomu na Kisanduku Kilichobaki Wazi

Dada yetu, ambaye wengi mliokuja leo mlimjua kwa jina la Mama Fomu, alizaliwa asubuhi ya Jumanne, tarehe 14 Juni 1966. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watatu wa fundi cherehani na mfanya usafi wa shule. Mama alikuwa akisimulia kwamba uchungu ulimshika akiwa na ufagio mkononi, na kwamba hakutoka kwenda kujifungua mpaka alipomaliza darasa alilokuwa akilifagia. Tulipokuwa wadogo tulicheka. Baadaye tulielewa dada alikotoa tabia ya kutoacha jambo nusu.

Alikulia chini ya meza ya kukatia nguo. Baba alikuwa na daftari kubwa la vipimo vya wateja, lenye jalada gumu, na dada alipojua tarakimu alikabidhiwa kazi ya kuandika humo. Siku moja, akiwa na miaka kumi na mmoja, alisimamisha kalamu baada ya mteja mmoja kutoka. Mteja huyo alikuwa mwalimu.

"Baba, mwalimu anaumwa?"

"Nani kakwambia?"

"Kiuno. Januari alikuwa thelathini na sita. Leo thelathini na moja."

"Watu hupungua, mwanangu."

"Inchi tano? Na kila akija anaomba maji."

Baba alimfikishia mwalimu habari hiyo kwa mzaha, akamwambia binti yake anataka kujua ni nani anayemla kidogo kidogo. Mwalimu hakucheka. Wiki iliyofuata alikwenda kupima, akakutwa na kisukari. Aliishi miaka ishirini na sita baada ya hapo, na kila alipokuja kushonewa suruali aliuliza kwanza kama daktari wake yupo.

Marehemu alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1973 hadi 1979 na sekondari kuanzia 1980 hadi 1985. Mwezi Septemba 1986 alijiunga na chuo cha famasia, akahitimu mwaka 1989. Barua zake za chuoni tunazo bado. Ni fupi, na zimejaa maswali. Mama bado anakohoa? Anakohoa asubuhi au jioni? Mtoto ameng'oa meno mangapi? Mtoto aliyeulizwa meno ni mdogo wake wa mwisho, aliyezaliwa dada akiwa na miaka kumi na miwili na ambaye dada alimbeba mgongoni zaidi kuliko mama mwenyewe. Ndiye anayewasomea wasifu huu.

Tarehe 5 Februari 1990 aliajiriwa katika hospitali ambayo hakuihama tena hadi mwisho. Alianzia kwenye dirisha la dawa, lile lenye nondo na tundu dogo la kupitisha mkono. Mwaka 2003 alipata shahada yake kwa kusoma huku akifanya kazi. Lakini kazi ambayo kwayo mlimjua haikuanzia darasani, na yeye mwenyewe hakupenda isimuliwe kana kwamba ilianzia huko. Kila mwaka aliwasimulia waajiriwa wapya habari ya mpishi wa shule, akiwa amesimama, bila kujipunguzia chochote. Kwa heshima yake nasi tutaisimulia hivyo hivyo.

Mwezi Aprili 1996 mpishi huyo, mama wa makamo, alikuja dirishani na karatasi ya daktari. Dada akampa vidonge vitatu vya malaria, vile vya salfa vilivyotumika wakati huo. Siku ya nne mama yule akarudi. Midomo imetoka vidonda, mikono inamwasha. "Dawa yenu imeniwasha, mwanangu," alisema. Foleni ilikuwa imefika getini. Dada akamjibu, "Kunywa maji mengi, mama, itaisha." Ikaisha kweli, na hakuna aliyeandika popote. Mwezi Septemba mama yule akashikwa na homa tena, akaja dirisha lile lile, akapewa vidonge vitatu vile vile. Siku ya sita alifariki katika wodi ya wanawake, ngozi ikimvuka kama ya mtu aliyeungua moto. Kwenye cheti waliandika homa kali.

Dada alifungua daftari la dirishani. Aprili, hati yake. Septemba, hati yake.

Wakati huo fomu za njano za kutolea taarifa za madhara ya dawa zilikuwa zimeletwa hospitalini siku nyingi. Bunda lake halijafunguliwa, na lilikuwa limeegemezwa kwenye mlango wa stoo ili usijifunge. Dada aliliinua, akatoa fomu moja, akaijaza. Mahali pa jina la mtoa taarifa aliandika lake. Kisha pembeni, pasipokuwa na mstari wala swali, akaongeza kwa kalamu: na ndiye aliyetoa dawa, mara zote mbili.

Mganga mkuu wa siku hizo alimwita ofisini. "Binti, ukipeleka hii unajivisha kitanzi mwenyewe."

"Nisipoipeleka, daktari, nitampa mwingine."

Fomu ilikwenda. Hakufukuzwa kazi. Lakini tangu siku hiyo, hata alipopandishwa cheo na kuwa na ofisi yenye dirisha la vioo, alianza asubuhi yake wodini, kitanda kwa kitanda, akiwauliza wagonjwa maswali yale yale: Umemeza nini? Lini? Kilianza nini kwanza, mwasho au homa? Madaktari walimwona akitokea mwisho wa korido na karatasi zake za njano wakaambiana, "Ficheni kalamu, Mama Fomu huyo." Jina likamganda. Mmoja wao, daktari wa upasuaji anayependa utani, alimwuliza mbele ya wanafunzi, "Mama Fomu, nikipiga chafya sasa hivi utaniandika?"

"Inategemea, daktari. Umekunywa nini kabla ya kupiga?"

Mwezi Mei 2011 wanawake watatu katika wodi ya wazazi walitetemeka kwa baridi baada ya kutundikiwa dripu, kila mmoja siku yake na kila mmoja na muuguzi wake. Kila muuguzi alidhani ni homa ya uzazi. Dada aliziweka fomu tatu mezani, akaona namba ya toleo la dripu ni ile ile kwa zote. Saa nne asubuhi alikuwa stoo amevua viatu, anashusha makatoni kwa mikono yake mwenyewe kwa sababu mpagazi alikuwa amekwenda kunywa chai. Maboksi yale hayakurudi wodini. Ni wanawake wangapi hawakutetemeka, hakuna anayeweza kujua. Dada alisema hiyo ndiyo hasara ya kazi yake: ukiifanya vizuri, hakuna kinachotokea, na watu hawashukuru kwa kisichotokea.

Wauguzi walipoogopa kuandika, aliwaambia sentensi moja ambayo wengi wenu mnaijua kwa moyo: "Fomu haiulizi nani mwenye kosa. Inauliza nini kilitokea." Alichokuwa hasamehi ni kisanduku kilichoachwa wazi, hasa kile cha mwisho, cha matokeo. Mgonjwa alipona? Anaendelea na matibabu? Alifariki, na lini? Aliwapigia simu ndugu za wagonjwa miezi miwili baada ya kuruhusiwa, kwa simu yake, akiwa jikoni kwake, huku anakoroga sufuria. "Fomu yenye kisanduku wazi," alisema, "ni mtu tumemwacha njiani."

Tarehe 12 Desemba 1992 marehemu alifunga ndoa na fundi wa majokofu. Walikutana kwenye friji ya chanjo. Fundi alikuwa ameitwa mara tatu mwezi mmoja, na mara ya tatu alifungua daftari la friji ili atie sahihi, akasoma: Fundi amekuja. Ameondoka. Friji vilevile. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Sasa dada, fundi akirudi wiki ijayo bila kuitwa, utaandika nini?"

"Nitaandika alichokuja kufanya. Kwa hiyo fikiria vizuri."

Alirudi. Mungu aliwajalia binti mmoja na mwana mmoja, na nyumba yenye friji isiyowahi kuharibika hata siku moja.

Katika nyumba hiyo, na katika nyumba zetu sote, dada hakuvua kazi yake mlangoni. Ukikohoa simuni, maswali yanaanza. Mwaka 1999 yeye mwenyewe alimeza dawa yenye salfa akatokwa na vidonda mdomoni, na tangu hapo akaanza kutengeneza kadi za kuwapa wagonjwa wa aina hiyo, zenye jina la dawa wasiyopaswa kupewa tena. Kila kadi aliishonea kifuko cha kitambaa kutoka katika mabaki ya vitambaa vya baba. Kadi ya kwanza ilikuwa yake. Ilikaa ndani ya mkoba wake miaka ishirini na nne.

Lazima tuseme pia jambo ambalo ni letu sisi wa nyumbani. Tulimpenda dada, lakini maswali yake yalituchosha. Tukajifunza njia ya mkato. Akikuuliza umemeza nini, ukijibu ukweli, utakaa naye nusu saa. Ukijibu "ya maumivu tu, dada," anakuacha. Sote tulilitumia jibu hilo. Mama, Mungu amrehemu, alilitumia. Wajomba walilitumia. Mume wake alilitumia. Lilikuwa utani wa familia, na yeye alijua, akawa anatuangalia juu ya miwani yake na kusema, "Haya, iwe hivyo, ya maumivu tu."

Jumatano ya tarehe 2 Agosti mwaka huu 2023, dada alishikwa na homa na kichwa. Mume wake alikuwa safarini kikazi, watoto wako mbali, hivyo mdogo wake wa mwisho alikwenda kukaa naye. Alasiri kichwa kilimzidi. Mdogo wake akatoka kwenda duka la dawa lililo karibu, akaomba kitu cha homa na maumivu. Muuzaji akamfungia vidonge vitano vyeupe katika kipande cha karatasi ya daftari. Havikuwa na jina. Mdogo wake hakuuliza.

Chumbani pazia lilikuwa limevutwa kwa ajili ya kichwa, na miwani ya dada ilikuwa juu ya meza. Alijiinua kwa kiwiko, akavihisi vidonge kiganjani.

"Ni nini hivi?"

"Ya maumivu tu, dada. Leo usianze maswali."

Alicheka. Ni kweli alicheka, kicheko kidogo cha mtu mwenye homa. Akasema, "Haya, iwe hivyo." Akameza.

Viwili vilikuwa vya maumivu. Vitatu vilikuwa vya malaria, vya salfa. Mkoba wenye kadi ulikuwa umening'inia nyuma ya mlango, hatua nne kutoka kitandani.

Ijumaa asubuhi aliamka macho yanamwaka na mdomo umejaa malengelenge. Alijua kabla yetu sote. Hakupiga kelele. Alisema, "Ile karatasi iko wapi?" Mdogo wake alipekua pipa la taka, akaipata, akakimbia nayo dukani. Muuzaji alimjibu bila wasiwasi, "Nilikuchanganyia na za malaria, kaka. Si ulisema homa?" Saa tatu asubuhi dada alipokelewa katika hospitali yake mwenyewe, katika wodi ile ile ya wanawake. Wauguzi aliokuwa akiwafuata kwa fomu walimpokea kwa machozi, na hakuna ambacho hawakufanya.

Siku ya pili aliomba fomu ya njano. Mikono yake ilikuwa imefungwa bendeji hadi kwenye viwiko, kwa hiyo ilijazwa na mfamasia ambaye dada mwenyewe alimfundisha kwa miaka tisa, naye aliandika huku akifuta macho kwa bega. Mdogo wake alisimama upande wa miguu, hajui aweke wapi mikono. Alianza kusema nisamehe. Dada alimkatiza.

"Utalia baadaye, mdogo wangu. Nijibu kwanza. Ulinunua saa ngapi?"

"Saa tisa. Saa tisa na nusu."

"Ni tisa au ni tisa na nusu?"

"Na nusu."

"Nilimeza saa ngapi?"

"Kama saa kumi kasoro."

"Vingapi?"

"Vitano, dada. Vyote vitano. Nilikupa vyote."

"Sijauliza nani alinipa. Nimeuliza vingapi."

Mfamasia alipofika mahali pa chanzo cha dawa alisimamisha kalamu, akamwangalia mdogo mtu, akashusha macho. Dada akasema, "Andika: dukani, bila lebo, imeletwa nyumbani. Basi. Jina usiweke. Fomu haiulizi nani." Kisha akapumzika muda mrefu, kwa kuwa kila neno lilimuumiza mdomo. Walipofika chini akasema, "Hicho cha mwisho kiacheni. Bado." Akamtafuta mdogo wake kwa macho ambayo wakati huo yalikuwa karibu yamefumba. "Wewe utahakikisha kinajazwa. Usiniache njiani."

Tangu hapo hakuzungumza sana. Mume wake alirudi siku hiyo hiyo, akakaa naye mchana kutwa akimpepea kwa jalada la faili. Watoto wao walifika. Tulipoambiwa ngozi yake haivumilii shuka, wauguzi walitafuta shuka kuukuu zilizolainika kwa kufuliwa, wakamtandikia hizo. Jumanne tarehe 15 Agosti, saa tano na dakika ishirini asubuhi, katika saa aliyozoea kuwa anamaliza mzunguko wake wa wodi, dada yetu alifariki dunia. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba, miezi miwili na siku moja.

Wasifu huu ulipoandikwa mara ya kwanza, mahali hapa palisomeka: baada ya kuugua kwa muda mfupi. Dada yetu wa kati ndiye aliyeomba iwe hivyo, na aliomba kwa upendo. Alimwambia mdogo wake, "Kaka, watu wamekuja kuzika, hawajaja kuhukumu. Iache. Utaishi vipi baada ya kusoma hayo mbele ya umati?" Mdogo wake akaikunja karatasi ya wasifu. Akaenda kwa shemeji yake, aliyekuwa ameketi peke yake karibu na friji jikoni, akamweleza yote, tangu karatasi ya daftari hadi jibu lile la mkato. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho.

"Yeye ulimwambia?"

"Nilimwambia, shemeji."

"Akasemaje?"

"Aliniuliza ni saa ngapi. Na ni vingapi."

Shemeji aliweka mkono juu ya mlango wa friji. "Basi ameshakuhoji. Mimi sina swali la kuongeza." Baadaye kidogo akasema, "Hilo jibu la maumivu tu, mimi nimempa miaka thelathini. Ilikuwa zamu yako tu." Hapo wakalia wote wawili, na dada wa kati aliyesimama mlangoni akaja, akachukua karatasi ya wasifu, akafuta mstari ule kwa kalamu yake mwenyewe.

Leo asubuhi, Ijumaa tarehe 18 Agosti, kabla ya mwili kutolewa hospitalini, mdogo wake alikwenda katika ofisi yenye dirisha la vioo. Mfamasia alikuwa ameitoa fomu tayari na kuiweka juu ya meza. Mdogo mtu alijaza kisanduku cha mwisho: amefariki, 15 Agosti 2023. Kisha pembeni, pasipokuwa na mstari wala swali, akaandika: aliyeleta dawa ni mdogo wake, aliulizwa ni dawa gani, hakusema kweli. Mfamasia alisoma. Alitaka kusema kitu, labda sentensi ile tunayoijua sote, lakini hakuisema. Aligonga muhuri, akaitia bahasha mbele yake.

Ndugu na jamaa, wauguzi, madaktari, wagonjwa mliokuja na vifuko vyenu vya kitambaa shingoni, dada hakuacha wosia mwingine. Mkipewa dawa, ulizeni jina lake. Mkiulizwa mmemeza nini, semeni.

Marehemu ameacha mume, mtoto wa kike mwalimu wa hesabu na mtoto wa kiume mpima ardhi, mkwe mmoja, wajukuu wawili ambao walimwita Bibi Maswali, mdogo wake wa kike, na mdogo wake wa kiume ambaye yeye alimbeba mgongoni, na ambaye amesimama hapa mbele yenu.

Kisanduku kimejazwa, dada. Hatujakuacha njiani. Sasa pumzika, na amani iwe nawe.